Isihaka na Plagi ya Alama Nyekundu

Watu wa Nachingwea wakimtaja Isihaka Mnali husema: yule aliyemsukuma mkwewe siku ya Maulidi. Nikisikia hivyo hukasirika. Mtu ameishi miaka yake yote kwa adabu, wao wameshika dakika moja tu, tena wameishika vibaya. Basi nitaisimulia mimi, kwa sababu dakika ile ni yangu pia, na nimeificha kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Naitwa Gaudens, mzaliwa wa Mnero. Miaka ile nilikuwa dobi wa nyumba ya wageni ya Wazungu pale Nachingwea. Isihaka alikuwa mtu wa Chunyu, upande wa Ruangwa. Alikuja mwaka wa arobaini na saba, Wazungu walipoanza kufyeka pori ili walime karanga, akashika shoka kama wenzake. Siku moja injini ya umeme iligoma, na yeye aliyekuwa akipita na kuni akasema kwa upole kwamba sauti yake imebadilika tangu jana. Fundi mkuu, Mgoa mmoja, yaani Mhindi wa Goa, mwenye hasira za karibu, akamwambia aweke kuni chini. Tangu siku hiyo hakushika shoka tena.

Yule Mgoa alimfundisha kazi kwa matusi, lakini alimfundisha. Alimpa globu moja ndogo yenye nyaya mbili, akamwambia hiyo ndiyo macho yake. Kabla hujagusa chuma chochote, waya mmoja gusisha chuma, wa pili uchomeke kwenye ardhi yenye unyevu; globu ikiwaka, kaa mbali. Isihaka alifuata sheria ile mpaka mwaka wa hamsini na moja, mpango wa karanga ulipokufa na Mgoa akaondoka na wengi wa mabwana zake. Injini ilibaki kwa ajili ya nyumba chache na karakana. Na sheria nayo, bila mwenye kufoka, ikalegea.

Karanga hazikuleta utajiri, ila matairi yalibaki milima kwa milima. Sote tulivaa katambuga zilizokatwa kwenye matairi ya matrekta, nene kama kibao cha mbuzi ya nazi. Vijana wa injini wakagundua kwamba ukizivaa, unaweza kupima chuma kwa mgongo wa mkono badala ya kuhangaika na globu. Kiganja hakitumiki, kwa sababu umeme ukishika kiganja vidole hujifunga na hutaweza kuachia. Mgongo wa mkono hurushwa nyuma, basi. Walipima hivyo kutwa kucha, na kwa kuwa matairi yale yalizuia umeme usipite kwenda ardhini, mara nyingi hawakusikia kitu. Wakawa wanasema, "Haina neno." Isihaka naye akazoea kusema hivyo, na globu ya Mgoa akaniachia mimi niiweke kwenye rafu ya chumba changu cha kupigia pasi.

Sasa nieleze habari ya mkewe, maana hapo ndipo ilipo roho ya hadithi. Zaina alikuwa binti wa Maalim Abdala wa Nanganga. Kwa desturi ya huku, mume huhamia kwa wakwe, analima shamba la mkwe msimu baada ya msimu mpaka waridhike naye. Isihaka alioa, akabaki Nachingwea na injini yake, akawa anatuma sukari na kanga. Maalim alisema sukari haipalilii. Zaina alipokwenda kwao kwenye msiba wa bibi yake, hakurudishwa. Miezi saba ikapita. Isihaka alikonda mpaka nikawa namtania kwamba nitampiga pasi nimkunje nimweke kabatini, lakini hakucheka, na mimi nikaona aibu.

Ndipo waumini wa Nachingwea walipomwomba Maalim Abdala aje kusoma Maulidi mwisho wa Novemba mwaka wa hamsini na mbili. Sauti yake ilikuwa nzuri ila ilishaanza kupungua, na watu waliotarajiwa walikuwa wengi, kutoka Ruangwa mpaka Masasi. Isihaka akaona mlango. Alikuwa na mashine ya kukuza sauti, na maiki yake ya chuma, iliyoachwa na Mmarekani mmoja fundi wa matrekta. Akatuma ujumbe kwa mjomba wa Zaina kwamba ataifanya sauti ya Maalim ifike mpaka reli. Jibu lilikuja baada ya wiki. Maalim alisema kama kazi ya mkwewe itamtumikia Mtume siku hiyo bila aibu, basi Zaina, ambaye angekuja kwenye Maulidi pamoja na wanawake wa Nanganga, hatarudi Nanganga.

Shida ilikuwa kwamba mashine ile ilitengenezwa kwa umeme wa kwao Marekani, volti mia moja na kumi, na injini yetu ilitoa mia mbili na thelathini. Tulishaona matokeo yake. Mwaka mmoja kabla, gramafoni ya mfanyabiashara wa Ruangwa ilichomekwa vivyo hivyo, ikaimba maneno matatu kwa kasi ya wazimu, kisha ikatoa moshi na harufu ambayo sikuitoa kwenye mashati kwa wiki nzima. Isihaka hakutaka hilo. Alisuka waya kwenye chuma, pindo juu ya pindo, kwa siku kumi na moja, akatengeneza kasha lililopokea umeme wetu na kutoa nusu yake.

Akanieleza jambo moja, na aliniambia mara mbili ili nilishike. Kasha lile linapunguza nguvu, lakini halitenganishi. Waya mmoja unatoka kwenye ukuta, unapita ndani ya kasha, unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye bati la mashine na chuma cha maiki. Waya huo ukiwa ule uliolala, hakuna neno. Ukiwa ule ulio hai, yeyote ashikaye maiki ameshika umeme wote wa injini, siyo nusu. Na plagi ilikuwa ya meno mawili, unaweza kuichomeka hivi au kinyume chake. Kwa hiyo alipaka rangi nyekundu upande mmoja wa plagi, akasema nyekundu itazame juu siku zote. Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli, kama mtu anavyosikia habari ya shamba la mwenzake.

Umeme ulitoka chumbani kwangu, kwa sababu dirisha langu lilitazama kiwanja na hapakuwa na soketi nyingine karibu. Asubuhi ya Maulidi Isihaka alichomeka plagi, nyekundu juu, akapitisha waya dirishani mpaka kwenye banda la nyasi lililojengwa kiwanjani. Mashine ikawekwa mezani, maiki juu ya kasha la chai lililo tupu. Wanawake walimwaga maji uwanja mzima, debe baada ya debe, maana mvua zilikuwa hazijaanza na vumbi jekundu la Nachingwea lingeharibu nguo na vifua vya wasomaji. Wakatandika mikeka juu ya udongo uliolowa.

Maalim alifika saa nane juu ya lori la ufuta, amebanwa kati ya magunia tangu alfajiri. Kanzu yake ilikuwa imekunjamana vibaya. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kujiheshimu, na nilimwona akijipapasa kifuani kujaribu kuinyoosha kwa mikono. Nikamwonea huruma. Nikamwambia aniachie dakika tano, mimi ndiye dobi. Alikubali, akakaa chumbani kwangu na shuka begani, akitazama ukuta.

Soketi ilikuwa moja. Nikachomoa plagi ya Isihaka, nikachomeka pasi. Niliipiga kanzu ile vizuri kuliko nguo yoyote ya bwana yeyote, mpaka kola ikasimama. Maalim aliivaa ikiwa bado ina joto, akaniombea dua. Nikachomoa pasi, nikachomeka plagi mahali pake. Sikutazama rangi. Nilikuwa najisikia mtu mwema, na mtu akijisikia mwema macho yake hujifumba.

Baada ya sala ya alasiri kiwanja kilijaa. Mimi Mkristo nilisimama pembeni karibu na dirisha langu, na nilimwona Zaina upande wa wanawake, ameketi mstari wa mbele. Isihaka alikuja kupima mara ya mwisho. Akasimama kando ya meza, ukingoni mwa mikeka, na katambuga zake miguuni, akagusa bati kwa mgongo wa mkono, akagusa maiki kwa mgongo wa mkono. Akanitazama kwa mbali, akatikisa kichwa kwamba haina neno. Kisha qaswida ikaanza, matari yakalia, na sauti za watu mia nne zikajaa banda.

Wakati huo Maalim alikuwa nyuma, pale kwenye birika, anatia udhu upya. Nilimwona akimimina maji miguuni, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, kila kidole. Hakujifuta. Akaanza kuja mbele pekupeku, maji yanamchuruzika vifundoni, na pale alipokanyaga mkeka palibaki alama ya unyayo.

Isihaka aliona waya umelala njiani ambapo Maalim angepita, akataka kuusogeza. Alikuwa ukingoni mwa mikeka, na huwezi kukanyaga mkeka wa Maulidi na viatu. Akavua katambuga, akaziweka kwenye safu ya viatu vya wengine. Akaingia pekupeku, akainama, akausogeza waya, na aliponyanyuka mkono wake ukagusa bati la mashine.

Nilimwona akirushwa. Hakuanguka, alirudi nyuma hatua moja na nusu, ameshika kiwiko. Watu wachache walimwona na hawakujali. Mimi nilimtazama uso. Alitazama mkono wake, kisha miguu yake mitupu, kisha ile safu ya viatu, kiatu baada ya kiatu, watu mia nne wote pekupeku juu ya udongo ulioloweshwa tangu asubuhi. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule alikuwa anasikia sauti ya Mgoa akimtukana.

Alipoinua kichwa, Maalim alikuwa ameshafika kwenye kasha la chai. Matari yalikuwa yanalia. Isihaka alifungua mdomo na sauti haikutoka, au ilitoka ikazama. Na lazima mjue mkwe kwetu ni nani. Hupiti mbele yake, humkatizi kauli, humgusi hata bega. Ukitaka kusema naye unainama na kusema ukiwa mbali. Maalim alikunja mkono wa kanzu niliyompigia pasi, akapeleka kiganja chake chote, kimelowa, kwenye maiki. Palibaki upana wa vidole vinne.

Isihaka alimrukia. Alimpiga kwa bega kifuani kwa nguvu ya mtu anayevunja mlango, na mzee yule alianguka chali juu ya mikeka, kofia ikabiringika mpaka kwa wanawake. Matari yalinyamaza moja moja. Nilisikia mwanamke mmoja akianza kulia, na sikuhitaji kutazama ili nijue ni Zaina.

Walimkamata watu sita. Mmoja alimpiga kofi, mwingine alisema amekula bangi, mwingine alisema ni kisasi cha mke. Isihaka hakujitetea. Alisema jambo moja tu, alilirudia mpaka wakalisikia: asiye na viatu asiguse chuma. Maalim aliinuliwa. Akauliza kwa sauti ndogo yenye hasira kama huo ndio utumishi alioahidiwa. Isihaka akaniita kwa jina, akasema nilete globu ya Mgoa.

Nilikimbia chumbani. Globu ilikuwa kwenye rafu, juu ya soketi. Nikanyoosha mkono na macho yangu yakaangukia plagi. Nyekundu ilikuwa inatazama chini.

Nataka niseme ukweli wangu wote hapa. Nilisimama. Pasi ilikuwa bado ya moto mezani. Nilijua kwamba nikiigeuza plagi ile, kazi ya sekunde moja, maiki itakuwa salama, globu haitawaka, na hakuna atakayejua niliyoyafanya. Nilijua pia kwamba Isihaka atakuwa mwongo aliyempiga mkwewe mbele ya Waislamu wote wa wilaya. Mkono wangu uliishika plagi. Nilisikia watu nje wakisema tumtoe, tumtoe. Kisha niliiachia kama ilivyokuwa, nikatoka na globu. Hilo ndilo jambo jema nililofanya siku ile, na halikutosha.

Isihaka alivaa katambuga zake. Akafunua mkeka pale alipoangukia Maalim, akachomeka waya mmoja kwenye udongo uliolowa, akaomba watu wasogee kuongeza kivuli. Akausogeza waya wa pili kwenye maiki. Globu ikawaka. Haikuwaka sana, ilikuwa nyekundu kama kaa la jikoni, lakini kila mtu aliiona. Maalim aliitazama, akatazama kiganja chake, akakifungua na kukifumba.

Isihaka akaondoka, akaenda chumbani kwangu kuchomoa plagi. Nilimfuata kwa macho kupitia dirisha. Nilimwona akiinama, akisimama tuli, akiitazama plagi, kisha akiitazama pasi yangu. Aligeuka akanitazama. Nilingoja aseme jina langu.

Aliporudi bandani, Maalim alimwuliza mbele ya watu ni nani aliyefanya jambo hili. Isihaka akainama kama mkwe anavyotakiwa kuinama.

"Ni mimi, baba," alisema. "Nilipima nikiwa na viatu. Nyinyi mnasoma bila viatu."

Maalim akasema Mungu atamlipa kwa kumwokoa, na yeye amemsamehe kusukumwa. Lakini aliyemwokoa ndiye aliyemtegea, na yeye hawezi kumweka binti yake nyumbani kwa mtu anayepima mauti kwa tairi. Kama anamtaka Zaina, aache injini, aje Nanganga alime kama wanaume wengine, halafu wataonana. Alisoma Maulidi kwa sauti yake mwenyewe, na watu walisogea karibu ili wamsikie. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikufungua mdomo.

Isihaka aliacha kazi wiki ile ile. Alipokuja kuniaga nilijaribu kuanza, nikasema ile pasi, Isihaka. Akaniambia globu ile niitunze, atakayekuja baada yake ataihitaji. Akaondoka kwenda Nanganga kulima. Huku nyuma kijana aliyemrithi alikuwa anapima kwa mgongo wa mkono, na kila nilipopiga kanzu pasi nilisikia joto lake mikononi mpaka usiku. Nilikwenda kwa padre, nikaungama. Padre aliniambia kwa Mungu nimemaliza, sasa niende Nanganga.

Nilichukua miezi sita kufika huko. Ilikuwa Juni, ufuta umekauka unangoja kukatwa. Nilimkuta Maalim Abdala barazani kwake, akanikaribisha kwa heshima, akawa bado anamkumbuka dobi wa kanzu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Sikunywa hata maji. Nilimweleza soketi moja, plagi, rangi nyekundu, na jinsi nilivyosimama kimya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuma mtu shambani. Isihaka alikuja na mundu, pekupeku, mweusi kwa jua, aliponiona akasita. Akainama mbali na mkwewe.

"Ulijua kuwa ni huyu?" Maalim aliuliza.

"Nilijua, baba."

"Mbona ulibeba peke yako?"

Isihaka alifikiri kidogo. "Alikuwa anakunyooshea kanzu," alisema. "Alikuwa anakuheshimu. Na kupima ilikuwa kazi yangu, siyo yake."

Maalim aliinamisha kichwa. Nilidhani anaomba dua, kumbe mzee alikuwa analia, na hakujificha. Akamwita Zaina kutoka jikoni, akamwambia afunge vitu vyake arudi na mumewe, lori la Nachingwea linapita saa tisa. Zaina alimtazama baba yake, akamtazama mumewe, akaingia ndani mbio, nasi tukasikia sufuria zikigongana. Isihaka akasema ufuta haujaisha, imebaki mistari kumi na minne, na ukiachwa utapasuka umwagike. Hata wakati ule alikuwa anafikiria kazi.

Maalim alijifuta uso kwa kilemba. Akachukua mundu mkononi mwa Isihaka, akanigeukia mimi. Akanipa kwa upande wa mpini.

Nikavua katambuga zangu nikaziacha barazani, nikaingia shambani.